Suruali ya Mfaransa ilivyonikomesha

Nina miezi miwili sijaandika kitu humu, wengine mmenifata mpaka inboksi mnauliza kama nimefunga ofisi. Sijafunga. Nilikuwa nashona suruali. Zilikuwa nne ukihesabu zote ila moja ndo iliyonikomesha, nimeishona mara tatu, na mpaka leo nikipanda daladala nikaona mkaka kavaa kadeti imembana nyuma nabaki nakodolea mshono wa matakoni mpaka watu wananifikiria vibaya.

Ilikuwa hivi. Walikuja watu wa kikundi kimoja cha maigizo hapo ofisini Mwananyamala, vijana watatu na dairekta wao, wakaniambia dada fundi tuna mchezo wa Kilwa, mwaka 1776, kuna Mfaransa ndani. Mi Kilwa naijua maana bibi mzaa mama ni wa Kivinje, lakini Mfaransa wa 1776 ndo nilikuwa namsikia kwa mara ya kwanza. Kumbe alikuwepo kweli, sio wa kutunga. Anaitwa Jean-Vincent Morice, mfanyabiashara wa watumwa aliyekuwa anatokea Morisi, enzi hizo Wafaransa wanaiita Île de France, akaja Kilwa Kisiwani akawekeana mkataba na Sultani tarehe 14 Septemba 1776, auziwe watu 1,000 kila mwaka kwa piastre 20, sarafu za fedha za enzi hizo, kila kichwa. Mchezo wenyewe ndo huo, mkataba unavyoandikwa. Makoti walishayapeleka kwa fundi mwingine wa Ilala, mi nikapewa kuanzia kiunoni kushuka, suruali ya Morice, ya karani wake, na za mabaharia wawili.

Dairekta akatoa simu akanionyesha picha. Haramia wa sinema, suruali imebana kama taitsi, mabuti mpaka magotini, na jicho langu la fundi likaenda moja kwa moja kwenye zipu. Nikamwambia kaka hii ina zipu. Akasema haionekani. Nikamwambia mi nimeiona, na mtu mwenyewe zipu tunayoijua sisi imekuja miaka ya 1910 na kitu, Morice kashaoza zamani. Akacheka akasema basi dada we fanya unavyojua. Hilo neno "unavyojua" ndo lilikuwa kosa maana nilikuwa sijui.

Hata jina tulibishana. Wanaume wa Ulaya wenye uwezo karne ile hawakuvaa suruali ndefu, walivaa kitu kinachoishia chini kidogo ya goti, pale mguu unapoingia ndani kabla haujafika kwenye shavu la mguu. Wafaransa wanaita culotte. Vijana wakasema si pensi tu hiyo. Sio pensi, pensi unavaa Coco Beach na haifiki huko. Kaptula ni ya shule ya msingi. Mi kwenye daftari nikaandika "suruali ya goti" na humu nitaiita hivyo hivyo, atakayekuwa na neno zuri zaidi aje nalo. Lenyewe neno suruali limetoka mbali, kwa Waajemi, likapita kwa Waarabu mpaka likafika kwetu pwani, na hiyo sirwali yao ya asili nyuma ilikuwa pana kweli kweli, mtu anakaa chini anakunja miguu nguo haimkatazi. Upana wa nyuma, ushikilieni huo.

Kwenye kupima nikagundua vipimo vyangu vya kila siku havitoshi. Suruali ya kawaida napima kiuno, hipsi, paja, goti, chini na urefu nimemaliza, mteja anaondoka. Hii nilihitaji goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa, chini ya goti, na futi ipite kuanzia kiunoni nyuma, katikati ya miguu, ije itokee kiunoni mbele, na yule kijana anayeigiza Morice alivyoona naelekeza futi huko akasema dada ngoja nijipime mwenyewe. Nikamwachia. Alikosea kwa inchi 2 na mimi sikujua mpaka baadaye.

Mafundi wa enzi hizo hata futi yenye namba hawakuwa nayo. Walikuwa wanakata ukanda mrefu wa karatasi, mteja mmoja ukanda mmoja, wanaweka alama kwa mkasi, hapa kiuno hapa goti hapa paja, wanautunza na jina lake juu. Nilijaribu kwa karatasi ya kaki ya kufungia sukari na nimeipenda mno, maana ukanda hauwezi kuusoma vibaya, huwezi kusoma 32 ukaandika 23 kama nilivyowahi kufanya kwenye suti ya bwana harusi mmoja (alisamehe). Ukanda wa Morice bado nimeutundika msumarini karibu na feni.

Haya, kitambaa. Nikaenda Kariakoo, mtaa wa Uhuru, nikaulizia lineni maana karani wa Morice nilitaka avae kitani. Duka moja kijana akanitolea robota, "lineni orijino hii dada, mita elfu 14". Nikaishika, inateleza kidogo. Nikachomoa uzi pembeni nikaomba kiberiti, yeye akaanza kucheka, nikauwasha hapo hapo mlangoni, ukajikunja ukawa kipunje cheusi kigumu kama risasi ya kitoto. Polyesta hiyo. Kitani na pamba vikiungua vinaungua kama karatasi, majivu unayapuliza yanaondoka, na sufu inanuka nywele. Kijana akaniambia "basi dada chukua elfu 9", yaani hakukataa wala nini. Lineni ya kweli niliipata duka la tatu kwa elfu 22, nikakata mita 2 huku moyo unauma.

Ya Morice mwenyewe ndo nikaharibu. Nilikuwa nimesoma kwamba matajiri wa Ulaya walikuwa wanavaa sufu nzuri, hariri, mahameli, na wapanda farasi wanavaa ngozi ya swala wa kwao. Basi na mimi nikamchukulia kitambaa kizito cha suti, bluu iliyoiva, kinapendeza huwezi amini. Ila hii ni Dar, Februari, na ukumbi wa mazoezi una feni moja ambayo inazunguka ikijisikia. Kijana aliivaa dakika 20 mapaja yakalowa. Baadaye ndo nikasoma vizuri kwamba Wazungu waliokuwa wanaishi huku kwenye joto hawakuwa wajinga, walikuwa wanavaa kitani na kile kitambaa cha pamba cha China chenye rangi ya manjano iliyopauka ambacho jina lake, nankin, limetokana na mji wa Nanjing. Kwetu kinachokaribia ni kadeti nyepesi ya pamba rangi ya kaki. Elfu 8 mita. Ningeanza nayo hiyo ningeokoa pesa ya watu.

Lakini kitambaa haikuwa shida kubwa. Shida kubwa ilikuwa nyuma.

Nilikuwa nimeshaangalia picha. Makumbusho ya Metropolitan ya New York wameweka picha za nguo zao mtandaoni bure, unakuza mpaka unaona sindano ilipopita, na kuna Mfaransa mmoja Garsault aliandika kitabu cha kazi ya ushonaji mwaka 1769, miaka 7 kabla ya mkataba wa Kilwa, kina michoro ya jinsi vipande vinavyokatwa. Nikaona ile suruali ya goti kwa mbele safi, paja limekaa, goti limekaa. Nikageuza nyuma, jamani! Limfuko. Nguo imejaa imejikusanya kama mtu kabeba mzigo, marinda yamebanwa kwenye bendi ya kiuno halafu yanashuka yameninginia. Nikasema hapana, hii labda imechakaa, mwenye nayo alikuwa na kitambi akapungua, au waliotengeneza hawakuwa na ujuzi. Miaka 11 nashona, kazi ambayo watu wa Mwananyamala wananisifia ni kukalisha suruali nyuma. Nikapunguza. Nikakata kama ninavyokata kila siku, ikakaa matakoni kama imepakwa, nikaipiga picha nikaituma statasi, watu wakaweka moto moto.

Siku ya kufiti wakaniita mazoezini. Tukio la mkataba Sultani anakaa mkekani na Morice inabidi akae mkekani naye. Kijana kavaa suruali yangu ya bluu, anaanza kushuka, goti la kwanza likakunja, la pili, afu tukasikia praaa! Mshono wa kati umefunguka kuanzia chini ya bendi mpaka karibu na mbele, na sio uzi uliokatika, kitambaa chenyewe kimechanika pembeni ya mshono. Kimya. Afu yule anayeigiza Sultani, ambaye hata hakuwa anatania kila wakati, akasema kwa sauti ile ile ya kisultani, "mgeni wetu kafungua mkataba".

Nilirudi nyumbani na bodaboda nimeibeba kwenye rambo kama maiti.

Usiku nikaiweka mezani nikawa naifikiria. Suruali zetu za leo zinaishia chini mguuni, wazi, ukikaa inapanda kidogo, soksi inaonekana, maisha yanaendelea. Hii chini ya goti imefungwa, kuna bendi na bizimu, kile chuma kama cha mkanda, haipandi hata ukifanyaje. Juu kiunoni imefungwa. Paja limebana kwa sababu ndo fasheni. Na vitambaa vya zamani havivutiki, hakuna laikra. Sasa mtu anapokaa, mgongo na matako yanahitaji nguo nyingine ya ziada, inchi kadhaa, hizo inchi zitatoka wapi kama chini hapaji na juu hapaji? Zinatoka kwenye lile limfuko. Limfuko ndo akiba. Ukisimama linaninginia halina kazi, ukikaa linajaa linanyooka, ukipanda farasi ndo usiseme. Na ule ubaya wake walikuwa hawauoni maana koti la enzi hizo lina mikia inashuka mpaka karibu na magoti, huko nyuma nani atakuchungulia. Yaani mafundi wale walikuwa wanajua wanachofanya, mimi ndo nikaenda kuwasahihisha watu waliokufa.

Ya pili nikapanua kila kitu. Kwa hasira. Paja likawa pana, goti pana, ikawa kama mtoto kavaa nepi ya kanga, dairekta aliangalia akaangalia chini. Sitaizungumzia sana.

Ya tatu ndo nikaelewa kwamba mbele na nyuma ni nguo mbili tofauti zilizoolewa. Kipande cha mbele kinabaki chembamba, kinafata paja. Cha nyuma mstari wa katikati unaukata kwa kuulaza sana, unapanda juu kuliko unavyodhani, halafu ule upana wote unaukusanya kwa marinda madogo madogo unauingiza kwenye bendi, kwenye inchi 4 kila upande wa uti wa mgongo na sio zaidi. Goti unaacha upasuko upande wa nje wenye vifungo vinne, maana bendi ya chini ya goti ni nyembamba kuliko kisigino, bila upasuko mguu haupiti. Nikaipiga bandi yote kwanza kwa uzi mweupe, nikamvalisha kijana, nikamwambia kaa. Akakaa huku kafumba macho. Chuchumaa. Akachuchumaa. Ruka kichura. Akasema dada hii haimo kwenye mchezo.

Mbele sasa. Kama ni mwanzoni mwa karne ile ungekuta upasuko wa kawaida wa vifungo, lakini kufikia miaka ya 1770 mtindo ulikuwa ni mlango. Mi naita mlango, Wafaransa waliita daraja, culotte à pont. Unakata mbele mikato miwili ya kushuka, kile kipande cha kati kinakuwa kama kifuniko kinachofunguka kwa kuanguka mbele, na juu kinafungwa kwa vifungo kwenye bendi. Ndani yake kuna vipande viwili vingine vinavyokutana katikati kwa hiyo hata mlango ukifunguka mtu haaibiki. Mikia ya ile mikato ndo penye balaa, pale inapoishia chini pana kona inayotaka kuchanika kila siku ya Mungu, lazima upapige mshono wa mkono umekaza na kipande cha bitana kwa ndani. Huu mlango mabaharia wa Marekani walikaa nao miaka mingi sana, ile suruali yao ya sherehe yenye vifungo 13.

Lupu hakuna. Mkanda hauhusiki kabisa, na zile kamba za mabegani zimekuja kutumika kwenye suruali karne ile inakwisha kwisha. Kijana akaniuliza sasa inasimama na nini, nikamwambia inasimama kwenye nyonga, na nyuma ya bendi kuna mpasuko una matobo pande zote mbili unapitisha kamba, unakaza au unalegeza kama kiatu. Akauliza na boksa je. Nikamwambia Morice hakuwa na boksa, wengi wao walikuwa na shati refu mpaka mapajani, mkia wake wanaupitisha katikati ya miguu ndo basi. Hilo alikataa.

Vifungo vilitakiwa vya kuvikwa kitambaa. Zamani ndani walikuwa wanaweka kipande cha mbao au mfupa, mi nikaenda kwa mama anayekuna nazi hapo jirani nikachukua vifuu, fundi seremala akanikatia viduara 20 kwa keki moja na soda, nikavisugua na msasa nikavivika kadeti. Vimetoka vizuri kuliko vya dukani na ukivigonga vinalia kok. Bizimu za magotini nilihangaika. Kwanza ukisema bizimu Kariakoo vijana wanakuangalia tu, inabidi useme chuma cha mkanda, na wanakuletea la mkanda wa suruali, likubwa. Zinatakiwa ndogo kuliko hata za viatu, Wazungu wenye nazo walikuwa wanaweka za fedha, wengine wanazipamba kwa mawe ya kung'aa. Nilizipata Karume kwenye ndala za kike za mtumba, buku jozi. Soksi ndefu nyeupe ni za mpira, tusidanganyane.

Yakabaki yale matobo ya nyuma. Manane. Mashine ya matobo ya chuma ninayo, unagonga kle kle umemaliza, ila tobo la chuma kwenye nguo ya 1776 ni sawa na ile zipu. Yalitakiwa ya mkono. Enzi hizo kila kitu ni mkono, cherehani bado, Thimonnier alipata hati ya uvumbuzi ya cherehani ya kwake Ufaransa mwaka 1830 na Singer ya kwake Marekani mwaka 1851. Mi mishono ya ndani nilitumia Singer yangu ya kukanyaga bila aibu maana malipo yenyewe mnayajua, ila kila kinachoonekana kwa nje nimeshona mkono, taa za jukwaani zinaumbua mshono wa cherehani vibaya sana.

Nikajaribu tobo moja. Likawa kama mdomo wa samaki. La pili likafumuka. Ndo nikamkumbuka bibi.

Bibi yangu anakaa Mbagala na maisha yake yote ameshona kofia za viua. Kwa wasiojua, kiua ndo kile kitobo kidogo cha kwenye kofia ya mkono, kimezungushiwa uzi, kofia moja inabeba mamia. Jumamosi nikapanda magari ya Mbagala na suruali kwenye mkoba, shikamoo bibi, marahaba mke mwenzangu, nikamtolea. Akaigeuza geuza. Akaingiza mkono kwenye limfuko la nyuma akasema huyu mwanaume ana ugonjwa gani. Nikamweleza mchezo, nikamweleza Morice na mkataba na watu 1,000 kwa mwaka.

Akaiweka suruali chini kwenye mkeka, mbali na miguu yake.

"Kwa hiyo huyu ndo alikuja kununua watu wa kwetu."

Nikasema ndiyo bibi, ila ni mchezo.

"Na wewe unamshonea suruali nzuri."

Sikuwa na jibu. Nilisema ndo kazi bibi, kama akivaa vibaya watu watamcheka hawatamuogopa. Akanyamaza muda, akaenda kuchota maji, akarudi, akaniambia lete miwani. Basi nikakaa naangalia. Hakati. Mimi nilikuwa nakata na mkasi ndo maana yalifumuka. Yeye ana kijiti cha ncha alichokichonga mwenyewe, cheusi kwa mafuta ya mikono, anakichomeka katikati ya nyuzi za kitambaa anakizungusha taratibu, nyuzi zinasogea pembeni hazikatiki, kitobo kinafunguka chenyewe, afu kabla hazijarudi anaanza kuzungusha uzi aliokwisha kuupitisha kwenye nta ya nyuki, sindano inaingia inatoka, kila mshono unalala kubanana na mwenzake, akimaliza anachomeka kijiti tena anakizungusha, kiua kimekuwa duara. Dakika 10, hazidi 12. Nyuzi hazijakatwa kwa hiyo hata ukivuta kamba kwa nguvu kitambaa hakichaniki, na hicho ndo nilichokuja kukiona kwenye picha za zile nguo za makumbusho nilivyokuza tena usiku, matobo yao yamefunguliwa hivyo hivyo, fundi wa Paris na bibi wa Kivinje wamefikia sehemu moja kila mtu kwa njia yake.

Alivyomaliza cha nane akapitisha kamba mwenyewe, akaikaza mpaka bendi ikajikunja. "Mfunge hivi," akasema, "asipumue."

Za mabaharia zilinichukua siku mbili tu kwa hiyo sitawachosha. Suruali ndefu karne ile ilikuwa ya mabaharia na vibarua, pana, inaishia juu ya kifundo cha mguu ili waikunje wakiosha meli, mshono wowote unafaa. Nimetumia ile pamba isiyopaukishwa bibi anayoiita merikani, na ndiyo najua merikani imeanza kuja pwani yetu karne ya 19, mwaka 1776 hao Wamarekani wenyewe ndo kwanza Julai 4 wametangaza uhuru, miezi miwili kabla ya mkataba wa Kilwa. Kwa jukwaani inatosha. Kinachonichekesha ni kwamba miaka michache baadaye Paris yenyewe iligeuka, watu wa mapinduzi wakajiita sans-culottes, wasiovaa culotte, wakajivunia suruali ndefu za kibarua, na leo hii kila waziri na kila bosi hapa mjini anavaa mkato wa kibarua na haujui.

Malipo yalikuja kwa mafungu. Kianzio kilikuwa laki na nusu na kimeishia kwenye ile bluu iliyochanika, iliyobaki wananitumia kwenye simu elfu 20, elfu 30, wiki hii wamekaa kimya. Watajisoma wenyewe humu.

Siku ya onyesho nilimchukua bibi. Tumekaa mstari wa pili, kavaa baibui jipya, ananiuliza kila dakika viua vyangu vitaonekana saa ngapi, na mi nashindwa kumwambia koti linavifunika, hakuna atakayeviona. Morice akaingia. Kadeti inapendeza chini ya taa, bizimu za ndala zinang'aa kama fedha kabisa, watu wakatulia. Likafika tukio la mkekani. Nikashika mkono wa kiti. Kijana akakunja goti la kwanza, la pili, limfuko likajaa likanyooka, akakaa, akakunja miguu, akaandika mkataba, akainuka. Hakuna kilicholia. Nikapumua mpaka mtu wa mbele akageuka.

Nikamwangalia bibi, nikidhani atakuwa anatabasamu. Kanuna.

"Bibi vipi, hujapenda?"

"Mi nilitaka ichanike."